Mzee Anaoga na Mwavuli

Mzee alikuwa anaoga na mwavuli. Usicheke kwanza, ngoja upewe sababu. Mgongo wake uligoma tangu siku aliyoteleza ngazini, na daktari akamwamuru akae kwenye maji ya moto kila asubuhi, nusu saa, maji yakiwa yanaingia. Bahati nzuri nyumba ilikuwa na beseni la kuogea, lile refu la kujengewa ukutani, bomba lake chini na shawa yake juu. Ukifungua maji yanatoka bomba la chini. Ukivuta kitufe kidogo yanapanda kwenye shawa. Ndivyo ilivyotakiwa iwe. Lakini kwa miezi miwili sasa, kila bomba la chini likifunguliwa, shawa nayo huko juu ilikuwa inadondosha, to, to, to, matone ya baridi katikati kabisa ya kipara cha mzee. Na mtu wa mgongo mbovu hawezi kusogeasogea ndani ya beseni. Akaomba mwavuli, akapewa, maisha yakaendelea.

Mafundi watatu walishaitwa. Wa kwanza alibadilisha kichwa cha shawa. Wa pili akakitazama kile kipya, akasikitika, akauliza ni nani aliyewauzia uchafu ule, akaweka kingine. Wa tatu akafanya vilevile, ila yeye alipiga na miluzi. Vichwa vya zamani vikawa vinalala kwenye droo ya jikoni pamoja na miiko. Na shawa? Inadondosha kama kawaida, fundi akishafika mwisho wa mtaa tu.

Fundi wa nne ndiye huyu wetu. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minane, mikono migumu, kucha fupi, mkoba wa spana begani, na kila mtu alimwita Fundi, hata mama yake mzazi. Kazi ya mabomba aliijua kweli, si ya kubahatisha. Tabu yake moja: kijana wa nyumba ile ndiye aliyetaka kumwoa.

Mzee alisharidhia. "Mimi nimekubali, mradi mama yako akubali," alimwambia mwanawe, na kwa kusema hivyo hakuwa amesema kitu. Mama mtu alikuwa hasemi ndiyo, hasemi hapana. Anakaribisha, anaandaa chai, anauliza habari za nyumbani, lakini uso umefungwa kama duka la sikukuu. Na kijana alishaweka wazi: bila mama yake kuridhia, yeye hathubutu. Fundi alimpenda yule kijana, basi tu. Kijana alikuwa mwoga, hilo halifichiki, lakini alimchekesha, alimsikiliza, na hakuwahi hata siku moja kumwambia aache kazi. Wanaume wa hivyo hawaokotwi.

Halafu kulikuwa na shangazi, dada yake mzee. Huyu alikuja kukaa wiki moja, na sasa ulikuwa mwezi wa nne. Alipewa chumba cha wageni chenye bafu lake, na kazi aliyojipa mwenyewe ni kusema. Ndoa ile hakuitaka.

"Mke gani anashinda kichwa chini kwenye mabomba ya watu?" alisema mezani, Fundi mwenyewe akiwa amekaa palepale na kikombe mkononi. "Lakini mimi sina neno. Kikao cha hiyo posa si Jumapili saa kumi? Basi kabla ya hapo atengeneze hiyo shawa iliyowashinda wanaume watatu. Akiweza, tutaongea. Akishindwa tusipotezeane muda. Au nimekosea, wifi?"

Mama mkwe mtarajiwa alikoroga chai yake ambayo ilishakorogeka. Hakujibu, na kwa desturi ya nyumba ile, kutojibu ni kukubali.

Jumamosi asubuhi Fundi akatia timu. Alikuta bafu linang'aa mpaka linatia woga. Vigae vimesuguliwa, kioo kimefutwa, taulo zimekunjwa kwa kupangwa kama za hotelini, na kwenye kona kuna ua la plastiki lililonawishwa uso. Mama mkwe alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. Shangazi alisimama nyuma yake, mikono kifuani. Mzee alikuwa kashaondolewa, kapelekwa barazani na gazeti lake.

Fundi akafungua bomba la chini. Maji yakamwagika kwa nguvu zote. Wakatazama juu, wote watatu, shingo zimekunjika. Shawa kimya. Dakika moja, tano, kumi. Hakuna hata tone.

"Mbona haidondoshi?" akauliza Fundi.

"Hata wale wenzako haikuwadondoshea," alisema mama mkwe kwa sauti ya chini.

"Inamwogopa," akasema shangazi. "Endelea kuisubiri, labda itakuzoea."

Fundi akajikaza kisabuni. Akafunga maji, akafungua mdomo wa bomba la chini, akachungulia. Kitufe kizima. Washa, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji, nzima na laini. Akapitisha kidole ndani, hakuna kutu, hakuna kilichoziba. Akarudisha kila kitu kwa tepu mpya, akafungua maji tena. Shawa imenyamaza kama imelipwa.

Kitu kimoja kilimgusa, akakiweka akilini bila kujua kina kazi gani. Maji yalipotulia kwenye beseni, chini palibaki mchanga mwekundu, laini, kama unga wa tofali. Haikuwa ajabu. Barabara ilichimbwa kupitisha mabomba mapya, na tangu hapo maji ya mtaa mzima yalikuja na mchanga. Kila nyumba ilifunga kitambaa kwenye bomba ili kuuchuja. Jikoni pale pale Fundi alishaona kitambaa cheupe, kimefungwa kwa fundo zuri. Ila mama mkwe alipouona ule mchanga kwenye beseni alishtuka kama mtu aliyefumaniwa, akapiga magoti na kuufuta kwa haraka, akisema, "Samahani, samahani, leo tu." Leo tu?

"Kwa hiyo?" Shangazi alikuwa bado mlangoni. "Umetengeneza nini?"

"Sijatengeneza kitu, shangazi. Hakuna kibovu. Sibadilishi kifaa kizima ili nionekane nimefanya kazi."

"Hata yeye kashindwa," shangazi alimtangazia mzee huko barazani, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Saa moja baadaye, Fundi akiwa njiani, simu ikalia. Alikuwa ni yule mzee. "Mwanangu," alisema kwa upole, na sauti yake ilikuwa na mwangwi wa bafuni, "sitaki kukusumbua. Nimeingia kwenye maji sasa hivi. Inadondosha."

Fundi alikaa kwenye ukingo wa mtaro, mkoba miguuni, akajiona mjinga wa mwisho. Hakulia. Alikuwa na hasira mno, machozi hayakupata nafasi. Aliwaza: maji ya beseni na ya shawa yanapanda kwenye bomba moja. Kitufe kizima, washa nzima. Kitu pekee kinachoweza kuyapeleka juu ni kuyabana kule chini, yakose pa kutokea yote. Lakini chini hakuna kinachobana, kidole chake kilipita. Labda kinakuwepo asipokuwepo yeye.

Akasimama. Jikoni kuna kitambaa. Bafuni hakuna, na bado mchanga ulimshtua mama kama mgeni. Maana yake siku zote haufiki kwenye beseni! Akamkumbuka mama yake mzazi, ambaye akisikia hodi anasukumia nusu ya nyumba chini ya kitanda. Mama mkwe naye alikuwa hivyo hivyo. Fundi yeyote akija, ni mgeni, bafu lisuguliwe, taulo zipangwe, na kile kitambara cha aibu kwenye bomba kifunguliwe na kufichwa. Fundi anakuta maji yanapita vizuri. Anabadilisha kichwa cha shawa ili asiondoke mikono mitupu, anaaga. Kitambara kinarudi, kipara kinadondoshewa. Miezi miwili! Alicheka peke yake barabarani mpaka mwenye kibanda cha matunda akamwuliza kama yuko sawa.

Kisha kicheko kikamwisha. Kujua ni kitu kimoja. Kwenda kumwambia mama mkwe kwamba shawa ilikuwa inaharibiwa na yeye mwenyewe, mbele ya wifi yake, yule mgeni wa mwezi wa nne, ni kitu kingine kabisa. Yule shangazi angekula habari hiyo asubuhi, mchana na jioni, na angeupelekea ukoo mzima. Na mwanamke aliyeaibishwa namna hiyo hatasema ndiyo saa kumi.

Jumapili saa mbili asubuhi alifika bila kupiga simu. Mchumba wake alimsindikiza. "Nipo nyuma yako," alisema, na kweli alikuwa nyuma, nyuma sana, getini kabisa, akijifanya anakagua tairi.

Shangazi ndiye aliyefungua mlango. "Umesahau spana?"

"Nimekuja kumalizia, shangazi."

"Kaka yangu yuko kwenye maji. Utaingia umkute hivyo? Mkwe mzima?"

"Siingii. Nitafanyia kazi koridoni."

Na huko koridoni, kupitia mlango uliofungwa, alisikia vizuri: maji yanaingia kwenye beseni, mzee anaguna kwa raha, mama anamwambia asogeze mguu, na juu ya hayo yote, to, to, to, tone baada ya tone juu ya mwavuli. Fundi hakuwahi kusikia mlio mtamu hivyo. Sasa ilibaki kumwondoa huyu aliyesimama nyuma ya shingo yake.

"Shangazi, nakuomba msaada. Kuna koki kubwa pale nje, karibu na tangi. Nikianza kazi huwa inataka kujifunga yenyewe. Mtu lazima aishikilie, kwa mikono miwili, asiiachie mpaka nimwite. Ningemwomba mchumba wangu, lakini yeye hana mkono wa kazi hiyo."

"Hana," alikubali shangazi. "Hajawahi kuwa nao." Akatoka, kajaa umuhimu. Kwa dirisha la koridoni Fundi alimwona akiikumbatia koki ambayo isingesogea hata kwa nyundo.

Akasogea mlangoni, akaongea kwa sauti ya chini. "Mama, shikamoo."

"Marahaba. Mbona hukusema unakuja?"

"Ndiyo sababu nimekuja hivyo, mama. Sitaki kuona chochote, wala sikuulizi kitu. Kile ulichofunga kwenye mdomo wa bomba, kifungue tu, halafu usikilize mwavuli."

Humo ndani hata mzee aliacha kuguna. Fundi akajua kama amekosea hapa, hakuna kikao, hakuna ndoa, na kijana aliyeko getini atabaki kukagua tairi za wengine. Aliogopa kweli, akabandika sikio mlangoni.

Maji yakabadilika mlio. Yakaanza kumwagika kwa nguvu, mazito, kama jana. Na mwavuli ukapiga to moja, ukapumzika, ukapiga moja nyingine ya mwisho. Basi.

"Lo!" alisema mzee. "Mama watoto, kimya! Sikia! Kumbe muda wote ilikuwa ni hiyo ch..."

"Nyamaza!" alisema mkewe.

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mkono uliolowa ukatoka, umeshika kitu, na sauti ya mama ikasema kwa haraka, "Kiondoe. Wifi akija kukagua asikikute humu. Tafadhali, mwanangu, kiondoe." Mlango ukafungwa.

Fundi akatazama alichopewa. Alitegemea kitambara. Alikuwa ameshika chupi. Chupi ya kiume, ya kizamani, ya miguu mirefu na mistari ya bluu, imekunjwa mara tatu, imezungushiwa kamba ya kiatu. Hakukuwa na haja ya kuuliza ya nani. Kuna mambo ambayo mkwe hatakiwi kuyajua kuhusu baba mkwe wake, na moja lilikuwa linamtiririkia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Ndiyo maana! Kitambara cha kawaida mtu angekisahau pale, fundi akakiona, dunia isingeisha. Lakini nani atamwacha mwanaume wa nje akute chupi ya mumewe imevalishwa bomba?

Akaitumbukiza kwenye mkoba, akafunga zipu, na hapo hapo viatu vya shangazi vikasikika.

"Koki gani hiyo? Nimeiachia na haijasogea hata unywele!"

"Imeshatulia, shangazi. Kazi imekwisha. Sikiliza."

Shangazi akasikiliza. Alisikiliza kwa sikio moja, akageuza la pili, akakosa pa kushika. Lakini mtu wa namna ile hakosi kwa muda mrefu. "Ilikuwa nini?"

"Washa."

"Si jana ulisema washa nzima?"

"Jana sikuangalia vizuri."

"Nionyeshe hiyo mbovu. Fundi wa kweli anaonyesha alichotoa."

Hapo alimpata pabaya. Fundi alikuwa na sheria yake moja, aliyofundishwa siku ya kwanza ya kazi: hutoki kwenye nyumba ya mtu bila kumwekea mkononi kile kibovu ulichotoa. Miaka minane hakuwahi kuivunja. Na kwenye mkoba zilikuwemo washa mbovu hata kumi, ila zote zilikuwa chini ya chupi.

"Nimeitupa," alisema.

"Umeitupa wapi? Umesimama hapa hapa. Fungua mkoba."

"Sifungui, shangazi."

"Mnasikia?" Shangazi alipaza sauti kwa nyumba nzima, kwa mzee, kwa getini. "Jana kashindwa, leo kaja kinyemela, kanifunga kwenye bomba huko nje kama mbuzi, kaichezea hiyo shawa ili ituhadae mpaka saa kumi ipite! Mwongo! Huyu ndiye mnataka kumwingiza kwenye ukoo?"

Fundi angeweza kuisema. Neno moja lingetosha, angekuwa amejisafisha na shangazi angepata karamu yake. Aliutazama mlango wa bafu. Ilimuuma, kwa sababu kuitwa mshindwa alishazoea, lakini mwongo hakuwahi kuitwa na mtu yeyote.

"Basi mimi ni mwongo, shangazi," alisema. "Maji hayadondoki tena. Mwambieni mzee apone." Akaupachika mkoba begani, akageuka kuelekea nje, macho yamejaa machozi asiyotaka yaonwe na mtu.

Mlango wa bafu ukafunguliwa wote. Mama mkwe akatoka, mikono ya gauni imelowa, mvuke unamfuata. "Wewe, simama," alisema. "Nipe huo mkoba."

"Mama, hapana. Usijali."

"Nipe."

Akauchukua. Akafungua zipu, akaingiza mkono, akatoa chupi ya mumewe, akaikunjua mikunjo yote mitatu, akainyanyua juu kwa ncha zake mbili mbele ya uso wa wifi yake. Ilikuwa inachuruzika.

"Kibovu chenyewe hiki hapa, wifi. Ni cha kaka yako. Nimekifunga mimi kwenye bomba, na kila fundi akija nakificha mimi. Haya, kapeleke popote unapotaka kupeleka."

Shangazi alifungua mdomo. Hakikutoka kitu, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulishuhudia.

"Mama watoto, hiyo si ndiyo ile ya mistari?" aliuliza mzee kutoka ndani.

"Ndiyo hiyo. Kaa kwenye maji." Mama hakugeuka. Alikuwa anamtazama Fundi. "Na tusisubiri saa kumi. Huu ni mwezi wa tatu sasa nasali usiku nipate mkwe atakayenisitiri. Huyu kakubali kuitwa mwongo ndani ya nyumba yangu ili mimi nisichekwe. Mimi ndiye niliyetakiwa kusema ndiyo? Basi nimesema. Mwiteni huyo bwana harusi aache hilo tairi."

Fundi alikalia mkoba wake palepale koridoni, akalia kwa sauti, kilio cha mtoto, kamasi na kila kitu. Mama mkwe alichuchumaa mbele yake, akatafuta cha kumfutia uso, akanyanyua kile alichokuwa nacho mkononi, akakitazama, akakirusha mbali, akamfuta kwa kanga yake mwenyewe.